Taa ya Pointi ya Pili

Mume wangu ana jina zuri tu alilopewa na babake, ila mtaani hakuna anayelijua. Wanamwita Waya. Kibanda chake cha bati kimebanwa kati ya kinyozi na muuza viatu, na ukichungulia ndani utamkuta amejikunja juu ya redio ya mtu, chuma cha kulehemu mkononi, moshi unampiga machoni na yeye habari hana. Mashati yake yote yana vitundu vya risasi ya kulehemu. Nimeshachoka kuyashona. Siku ya harusi yetu alikuwa na bisibisi kwenye mfuko wa suti, na wala hakuwa ameisahau. Nilipomuuliza alisema, "Huwezi kujua."

Nilicheka siku ile. Laiti ningejua hizo waya zitanipeleka wapi, labda ningecheka kidogo.

Babake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa mtu wa reli. Alikaa kwenye kibanda cha ishara pale stesheni akigeuza pointi. Mimi pointi sikuwa nazijua mpaka nilipoolewa kwenye ukoo huu wa vyuma. Ni pale reli moja inapogawanyika ikawa mbili. Kuna vyuma viwili vyembamba vinavyosogea, wao wanaviita ndimi. Ndimi zikilala upande huu treni inakwenda huku, zikilala upande ule inakwenda kule. Zikibaki katikati, treni inatoka nje ya reli na watu wanakufa. Mzee alikuwa anavuta mkono mrefu wa chuma na kuushikilia mpaka taa ndogo mbele yake iwake, kumwambia kwamba ndimi zimefunga kweli. Hapo ndipo anauachia. Alifanya hivyo maisha yake yote ya kazi, na hakuna treni iliyowahi kuanguka mikononi mwake. Ukija kumtembelea ulikuwa huondoki kabla hajakuambia hilo.

Mama mkwe alipofariki tulimchukua Mzee akaja kuishi nasi. Alikuwa bado mzima, mcheshi, ananitania kwamba chai yangu inafaa kuoshea mabehewa. Halafu akili ikaanza kumponyoka. Kwanza alisahau majina ya majirani, kisha la mtaa, kisha langu. Asubuhi moja akaniita karani wa tiketi.

"Dada, treni ya mawe imepita?"

"Bado, Baba."

"Hawa watu wa machimbo nao! Kila siku wanachelewa."

Mwanzoni nilikuwa nikigeukia ukutani nicheke. Basi nikawa karani wa tiketi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ningevumilia hata miaka, kama si kule kutoka. Maana Mzee alianza kwenda zake. Ukigeuka kukamua nguo, hayupo. Anavaa kofia yake ya kazi, anashika njia ya stesheni, na tunamkuta katikati ya reli ameinama anazitazama ndimi. Ile mikono ya chuma ilishang'olewa zamani, mambo yanaendeshwa na mashine kutoka mbali, lakini treni zinapita vilevile, na treni haimwambii mtu samahani mzee pisha.

Wifi yangu, dada mkubwa wa Waya, anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa kwenye mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Alipopata habari alikuja, akakaa kwenye kochi letu bila hata kuvua viatu.

"Mdogo wangu, kuna nyumba ya wazee karibu na ninapofanya kazi. Ina geti, ina walinzi. Nimemwombea Baba nafasi."

"Baba haendi kufungiwa na watu asiowajua," Waya akasema.

"Kwani wewe anakujua?"

Jamani, lile swali lilimchoma. Niliona shingo yake inavyojaa. 

"Akitoka tena nakuja kumchukua," wifi akasema. "Na usije ukanibishia."

"Hatoki tena. Akitoka, mchukue."

Ndivyo alivyoahidi, kwa mdomo wake. Mimi nilikuwa pale nimeshika sinia.

Tukajaribu kufuli. Usiniulize. Mzee aligonga mlango kuanzia asubuhi akipiga kelele kwamba treni inakuja na pointi ziko wazi, viganja vikavimba, majirani wakajaa uani wakidhani tunamuua. Waya aliifungua ile kufuli mwenyewe, akaitupa juu ya bati, akakaa chini kizingitini. Sijawahi kumwona mtu mzima ameishiwa namna ile. Akaniambia, "Mke wangu, kama siwezi kumzuia asiende kazini, itabidi nimletee kazi hapa."

Nikajua amechanganyikiwa na yeye. Sasa nina wawili.

Kibandani kwake kulikuwa na treni ya kuchezea ambayo mtu aliileta itengenezwe, akahama mji, hakurudi. Reli zake, mabehewa, na pointi za kugeuza kwa kidole. Waya alileta yote nyumbani akaitandaza juu ya meza yangu ya chakula. Meza yenyewe ndiyo pekee tuliyonayo. Tangu siku ile tukawa tunakula tumepakata sahani, na mimi mdomo haukunipoa, nilikuwa nasema kutwa. Yeye anatoboa mbao tu.

Alitaka Mzee aketi mbele ya vitufe, abonyeze, na pointi zigeuke zenyewe kama zamani. Kwa hiyo akachukua vigurudumu vyangu vya uzi wa cherehani, bila kuniomba, akavizungushia waya mwembamba wa shaba alioutoa kwenye transfoma mbovu. Hizo ndizo koili. Umeme ukipita kwenye koili inakuwa sumaku, inavuta kipande cha msumari, na msumari unavuta ndimi. Koili mbili kwa kila pointi, moja ya kuvutia huku, nyingine kule. Alinieleza macho yanang'aa kama mvulana. Nikasema sawa, na meza yangu narudishiwa lini?

Siku ya kwanza Mzee alikaa, akabonyeza, ndimi zikagonga tik. Mzee akainua kichwa, akatabasamu. Halafu nikasikia harufu ya kitu kinaungua.

"Baba, achia! Bonyeza uachie!" Waya akaruka.

"Mpaka ifunge," Mzee akasema, kidole kimeng'ang'ania palepale. Moshi ukafuka kutoka kwenye kigurudumu changu cha uzi.

Koili ile ilihitaji umeme wa kufumba na kufumbua tu. Ukiendelea kuupitisha, inachemka na kuungua. Na Mzee ni mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuachia mkono kabla hajaona taa. Utamfundisha nini sasa? Waya alisuka koili upya, Mzee akaunguza. Akasuka tena, akaunguza tena. Mimi nikawa nakaa na kopo la maji pembeni kama zimamoto. Na kila ikiungua Mzee anahangaika, anasimama, anaitafuta kofia yake, na Waya anamzuia mlangoni.

Ndipo akaleta makapasita. Hayo ni madude ya mviringo yanayohifadhi umeme. Alinieleza hivi, na nikaelewa: ni kama ndoo chini ya bomba linalotiririka kidogokidogo. Ndoo ikijaa unaimwaga yote kwa mara moja, pwaa, na hata ukiendelea kuiinamisha hakuna kitu kinachotoka. Mzee akibonyeza, kapasita inajimwaga kwenye koili, ndimi zinagonga, basi. Anaweza kushikilia kitufe mpaka kiama, hakuna kitakachoungua. Waya aliporidhika alinibeba akanizungusha, na mimi nilivyo mzito! Nikamwambia aniweke chini, mgongo huo bado naudai kazi.

Mzee alijaribu. Akashikilia. Akangoja. Akamgeukia Waya.

"Taa iko wapi?"

Loo, taa! Waya akaweka taa, ndogo za kijani, moja kwa kila upande wa kila pointi. Na hapo ndipo alipokosea. Si kwa uvivu. Alikosea kwa sababu yeye ni mtu wa redio, na kwa mtu wa redio taa ikiwaka maana yake ni kwamba umeme umepita. Akaunga taa kwenye kitufe. Mzee anabonyeza, taa inawaka. Sote tukafurahi. Mzee akawa anakaa mezani anasema mwenyewe, "Imefunga," anaachia. Treni inazunguka. Anakula vizuri, analala kitandani kwake, kofia inaning'inia msumarini haiguswi. Nikaanza kuamini kwamba tumeokoka. Nikampigia simu wifi kumsalimia, nikamwambia kwa kujigamba kidogo kwamba Baba hajambo kabisa.

Sijui kilichonituma.

Mchana mmoja Waya alikuja kula. Mzee yuko mezani. Chembe ya mkate ilikuwa imeingia kwenye ndimi za pointi ya pili, hakuna aliyeiona. Mzee akabonyeza, taa ikawaka kijani, akasema, "Imefunga." Treni ikaja. Ikapanda ndimi zilizokwama katikati, ikayumba, ikaanguka ubavu, behewa juu ya behewa.

Ilikuwa kelele ndogo tu ya kitu cha kuchezea. Lakini Mzee aliinuka ameshika kichwa, midomo imekuwa ya majivu. Akaitazama taa. Ilikuwa bado inawaka.

"Taa inasema uongo," akasema. Kisha akamtazama Waya, na nadhani siku ile alimjua. "Umenipa taa ya uongo. Umeua watu."

"Baba, ni mchezo tu. Baba, tazama, ni..."

"Umeua watu!"

Waya akapiga magoti kuokota mabehewa, anarudia naitengeneza Baba, naitengeneza sasa hivi. Mimi nilikimbilia maji jikoni. Tuliponyanyua vichwa, msumari wa kofia ulikuwa mtupu.

Tulikimbia, mimi kanga inanidondoka, Waya peku. Tukasikia honi kabla hatujafika. Honi ndefu, isiyokoma, na vyuma vinalia.  Ile treni ya mawe aliyokuwa ananiuliza kila siku ilikuwa imesimama, na mbele yake, mbali kidogo tu, Mzee yuko chini amezishika ndimi za reli kwa mikono yake miwili, anajaribu kuzisukuma. Dereva alikuwa ameshuka, ameshika magoti anatapika. Mlinzi wa stesheni alimwambia Waya maneno ambayo siwezi kuyarudia, na Waya aliyasikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa.

Tulipofika nyumbani Waya alichukua simu, akampigia dada yake mwenyewe.

"Dada, ametoka," akasema.

Angeweza kumficha. Mimi ningemficha, nasema kweli. Wifi akasema anakuja Jumamosi na gari.

Basi ile wiki, kibanda hakikufunguliwa. Watu walikuja kudai redio zao mpaka uani, nikawa nawafukuza. Waya alikaa mezani anang'oa zile taa zote. Nilimpelekea chakula nikamwambia, "Kwa nini unajitesa? Wifi anakuja."

"Akimkuta ametulia, labda." Akafuta jasho kwa mkono wenye risasi. "Unajua nilikosea wapi? Taa yangu ilikuwa inamwambia kwamba ameamuru. Yeye anataka kujua kama ametiiwa."

Akakata vipande vyembamba vya bati kutoka kwenye kopo la maziwa, akavibandika chini ya kila pointi, hivi kwamba ndimi zikifika mwisho kabisa na kubana, bati linagusa bati na taa inawaka. Zisipofika, haiwaki. Alijaribu kwa njiti ya kiberiti. Akaiweka katikati ya ndimi, akabonyeza: giza. Akaitoa, akabonyeza: kijani. Alirudia hivyo mara nyingi mno, mpaka nikamwambia inatosha, mume wangu, taa yako ni ya kweli sasa. Akaweka kichwa mezani akalia.

Alhamisi Mzee akaketi. Alibonyeza pointi ya kwanza, akatazama taa, kisha akainama akazitazama ndimi kwa macho yake. Akafanya hivyo kwa zote. Mwishowe akaegemea kiti, akashusha pumzi. "Sasa hii ni kazi," akasema.

Na hakuinuka tena.

Nilimwita chakula, akasema yuko kazini. Nilimpelekea sahani, akaisogeza isifunike vitufe. Maji, hataki. Jioni tukamwambia twende tukalale Baba, akasema hawezi kuondoka. Waya alimshika mkono, Mzee akamkwaruza. Alisinzia palepale, paji la uso mezani, kidole kwenye kitufe. Ijumaa ikapita vilevile. Alijikojolea kitini. Nilimbadilisha suruali kwa shida akiwa ameketi, nikigeuza uso, na yeye hakuona aibu wala hakuniona mimi, macho kwenye taa tu. Midomo ilianza kupasuka.

"Zima umeme!" nikamwambia Waya. Nilikuwa napiga kelele sasa. "Zima hicho kitu chako!"

"Taa zikizimika anakwenda relini."

"Basi atakufa njaa humu ndani!"

"Najua!" Na yeye akapiga kelele, kisha akashusha sauti, akashika mlango. "Najua. Nikizima anakufa kule, nikiwasha anakufa hapa. Niambie wewe nifanye nini."

 

Jumamosi wifi aliingia na dereva wake. Hakusalimu. Alinusa, akatazama suruali, akatazama midomo ya baba yake. "Ndiyo kumtunza huku?" akaniuliza mimi.  Angekuwa na haki ya kunipiga hata kofi.

Yeye na dereva wakamshika Mzee makwapa. Ee! Mzee yule aliyekuwa hana nguvu ya kunywa maji akapiga mateke, akashika ukingo wa meza, na sauti ikamtoka ambayo sijawahi kuisikia.

"Sijapokelewa! Mnanitoa sijapokelewa! Nani atashika pointi?"

Waya alikuwa ameegemea ukuta. Nikaona anaganda. Utotoni alikuwa anampelekea babake chakula kibandani, na aliona jinsi walivyokuwa wakipokezana zamu. Mtu wa pointi haondoki hata moto ukiwaka, mpaka mwenzake aje, aambiwe kila pointi imelala wapi, arudie kwa mdomo wake, aseme nimepokea. Alikuwa amelisahau hilo kabisa, mpaka neno lilipotoka kinywani mwa baba yake.

"Mwacheni," akasema. Akajifunga vifungo vya shati, akasimama wima mbele ya meza. "Habari za kazi. Nimekuja kupokea zamu."

Mzee akaacha kupigana. Akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa. Niwie radhi."

Mzee akageukia taa zake. "Pointi ya kwanza, njia kuu, imefunga."

"Ya kwanza, njia kuu, imefunga."

"Ya pili, ya machimbo, imefunga. Hiyo uitazame sana."

"Ya pili, ya machimbo, imefunga. Nitaitazama." 

"Treni ya mawe iko njiani. Usiondoke mpaka upokelewe."

"Nimepokea."

Na Mzee akainuka. Yeye mwenyewe, taratibu, akapisha kiti, na Waya akaketi. Mzee akachukua kofia msumarini. Akaomba maji, akanywa glasi nzima, akaomba nyingine.

Nilimvaa wifi palepale. "Umeona? Wifi, umeona? Ni neno tu! Tutakuwa tunampokea, atakula, atalala, mimi mwenyewe nitampokea, nitajifunza..."

Wifi alikuwa analia. "Na siku mkichelewa? Na taa ikiharibika? Alikuwa mbele ya treni, wifi yangu." Akamtazama Waya. "Sema wewe."

Waya hakutoa macho kwenye taa. "Nilikuahidi," akasema. "Mchukue, dada."

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni, kofia kichwani, mchangamfu kama mtu aliyemaliza zamu. Aliponipita akanipa mkono.

"Haya, karani, kazi njema. Mimi naenda nyumbani."

Nyumbani! Na mlango wa nyumbani kwake nimeushika mimi, namfungulia atoke.

Gari liliondoka. Nikapakua chakula, nikamwita Waya. Hakuja. Nikaenda. Amekaa vilevile, kidole kwenye kitufe cha pointi ya pili.

"Njoo ule."

"Sijapokelewa," akasema.

Nikadhani ananitania, mpaka nilipomwona uso. Nimeilaani ile meza tangu siku alipoitandaza, kila mtu mtaani ni shahidi. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake, nikamwambia, "Habari za kazi. Nimekuja kupokea."

Akanitajia pointi zote, moja moja, na mimi nikazirudia. Nilikosea moja, akanirekebisha. Nikasema nimepokea. Akainuka, akatoka uani, nikamsikia akilia kwa sauti nyuma ya tangi la maji.

Sikumfuata. Ya pili ilikuwa imefunga, taa yake inawaka. Nilibaki nimeikalia zamu mpaka chakula kikapoa.